Je, Leni Robredo ameshuka? Kutoka Makamu wa Rais hadi meya wa Naga

SWALI: Mimi ni wakili kijana hapa Tanga, na mambo ya halmashauri yananivutia kuliko ya bungeni. Nimesoma kwamba Leni Robredo, aliyekuwa Makamu wa Rais wa Ufilipino, sasa ni meya wa mji aliozaliwa. Wenzangu wanasema ameshuka. Je, ni kweli? Na uwakili wake ulimsaidia nini, au aliingia kwenye siasa kwa jina la mume tu?

JIBU: Ndugu wakili, wenzako wanakosea, ila kosa lao linaeleweka. Mtanzania akisikia habari za meya, anamuona mtu aliyechaguliwa na madiwani wenzake, anayeongoza vikao na kuvaa joho siku za sherehe, huku fedha na watumishi wakiwa chini ya mkurugenzi aliyeteuliwa na Rais. Ufilipino si hivyo. Meya anapigiwa kura na wananchi moja kwa moja, na ndiye mtendaji mkuu wa mji. Anaandaa bajeti, anaajiri, anatoa leseni za biashara, anaweza kuikataa sheria ndogo iliyopitishwa na baraza, na polisi wa mji wanafanya kazi chini ya usimamizi wake. Ukitaka mfano wa karibu, mtazame gavana wa kaunti ya Kenya.

Sasa tazama ofisi aliyotoka. Katika Katiba yao ya mwaka 1987, Makamu wa Rais anachaguliwa kwa kura yake mwenyewe, mbali na ya Rais, kwa hiyo wawili hao wanaweza kutoka vyama vinavyopingana. Kazi yake kubwa ni kuwepo endapo Rais atafariki au kushindwa kazi. Zaidi ya hapo anapata kile ambacho Rais atapenda kumpa. Robredo alikuwa makamu wa Rodrigo Duterte kuanzia 2016 hadi 2022, na wawili hao hawakuelewana. Mwanzoni alipewa kusimamia masuala ya makazi. Desemba 2016 akatumiwa ujumbe wa simu kwamba asihudhurie tena vikao vya baraza la mawaziri, akajiuzulu nafasi ile. Novemba 2019 akateuliwa kuwa mwenyekiti mwenza wa kamati ya kupambana na dawa za kulevya. Akaanza kudai takwimu na kumbukumbu za operesheni, na kabla ya wiki tatu kuisha akaondolewa. Miaka sita alikuwa mtu wa pili nchini kwa heshima, lakini bila wizara, bila polisi, na kwa bajeti ndogo mno.

Kwa hiyo tukipima kwa mamlaka ya kutenda, kuingia ofisi ya meya wa Naga tarehe 30 Juni 2025 kulikuwa kupanda. Na uchaguzi ule wa Mei 2025 ulikuwa na jambo ambalo mwanafunzi yeyote wa serikali za mitaa anapaswa kulitafakari. Siku hiyohiyo, Duterte naye alichaguliwa kuwa meya wa Davao, mji aliouongoza kwa zaidi ya miaka ishirini, akiwa mahabusu The Hague akikabiliwa na tuhuma za uhalifu dhidi ya ubinadamu mbele ya Mahakama ya Kimataifa ya Jinai. Duterte pia ni mwanasheria: alikuwa mwendesha mashtaka Davao kabla ya kuingia siasa baada ya mapinduzi ya 1986. Rais na makamu wake wa zamani, wote wanasheria, wote wakagombea umeya wa nyumbani, na wote wakashinda. Hakuna aliyeona aibu, kwa sababu Wafilipino wanajua nguvu ziko wapi.

Sheria iliyoziweka nguvu hizo pale nayo ni kazi ya mwanasheria aliyepitia umeya. Aquilino Pimentel alikuwa wakili, akachaguliwa meya wa mji wa Cagayan de Oro mwaka 1980 wakati wa udikteta wa Rais Ferdinand Marcos, akafungwa kwa upinzani wake, kisha akawa seneta na kuandika Sheria ya Serikali za Mitaa iliyosainiwa Oktoba 1991. Sheria hiyo ilishusha afya, ugani wa kilimo na ustawi wa jamii kwenye mikoa, miji na ngazi ya chini kabisa inayoitwa barangay. Ikaagiza asilimia 40 ya mapato ya ndani ya taifa igawiwe serikali za mitaa kwa kanuni iliyoandikwa, bila kusubiri huruma ya waziri. Mwaka 2018 Mahakama ya Juu ikasema mgao huo uhesabiwe kwenye kodi zote za taifa, zikiwemo za forodha, si zile za idara ya mapato peke yake. Mwaka 2022 fedha zikaanza kupanda. Kifungu kingine, ambacho watu hukipita haraka, kinataka angalau robo ya wajumbe wa baraza la maendeleo la kila mtaa na mji watoke kwenye asasi za kiraia. Kishike hicho kifungu. Tutakirudia.

Nije kwa Robredo mwenyewe. Alizaliwa Naga tarehe 23 Aprili 1965, katika mkoa wa Camarines Sur, kusini mashariki mwa kisiwa cha Luzon. Baba yake alikuwa hakimu, mama yake mwalimu. Alisoma uchumi Chuo Kikuu cha Ufilipino, akahitimu 1986, mwaka ambao umati ulijaa barabara ya EDSA mjini Manila na kumwondoa Marcos. Naye alikuwemo kwenye umati ule. Badala ya kwenda moja kwa moja kusoma sheria kama ilivyotarajiwa, alirudi nyumbani kufanya kazi katika mpango wa serikali wa kuendeleza bonde la mto Bicol. Mkuu wake pale alikuwa mhandisi kijana, Jesse Robredo. Walioana 1987. Mwaka uliofuata Jesse akawa meya wa Naga akiwa hajafika miaka thelathini.

Sheria aliisoma akiwa mke wa meya na mama, katika chuo cha nyumbani, University of Nueva Caceres, akamaliza 1992. Mtihani wa uwakili wa Ufilipino una sifa ya ukatili: kwa miaka mingi sehemu kubwa ya watahiniwa huanguka. Robredo alianguka mara ya kwanza. Alirudi kuufanya miaka kadhaa baadaye, akafaulu, akaapishwa 1997. Nakuambia hili kwa sababu wapo wanaosimulia safari yake kana kwamba kila mlango ulikuwa wazi. Mke wa meya mashuhuri aliyeanguka mtihani unaotangazwa kitaifa, kisha akarudi kukaa kwenye dawati lilelile, huyo alikuwa anautaka uwakili kweli.

Na akautumia vipi? Hapa ndipo penye kiini cha swali lako, na ndipo ningependa usome taratibu. Alianzia Ofisi ya Mawakili wa Umma, ambayo inatetea watuhumiwa wasio na uwezo wa kulipa. Kisha akajiunga na SALIGAN, shirika la wanasheria lililoanzishwa 1987, akafanya kazi na tawi lake la Bicol, kanda uliko mji wa Naga, kwa takriban miaka kumi. SALIGAN ni sehemu ya mkondo wa mawakili wa Kifilipino uliokua wakati na baada ya utawala wa kijeshi wa Marcos. Wazee wa mkondo huo, kina Jose Diokno na Lorenzo Tañada, walikuwa wakitetea wafungwa wa kisiasa bure miaka ya sabini. Kizazi kilichofuata kikaona kwamba kutetea kesi moja moja hakutoshi, maana mkulima akishinda leo, kesho mwenye ardhi anamletea kesi nyingine na wakili yuko Manila. Wakaanza kuwafundisha wakulima, wavuvi, wafanyakazi na wanawake wa vijijini sheria yenyewe, ili wawe wasaidizi wa kisheria wa majirani zao.

Tazama maana yake kwa vitendo. Mwaka 1988 Ufilipino ilipitisha sheria ya kugawa ardhi za mashamba makubwa kwa waliokuwa wakizilima. Mkulima aliweza kupewa hati ya umiliki na bado asikanyage shamba, kwa sababu mwenye ardhi alikuwa amekata rufaa, au amebadilisha matumizi ya ardhi kwa kibali cha mji, au ameweka walinzi. Mkulima asiyejua kwamba ana siku kadhaa za kujibu pingamizi anapoteza ardhi kwa tarehe tu. Kwa wavuvi ni vivyo hivyo: sheria iliwatengea wavuvi wadogo bahari ya kilomita 15 kutoka ufukweni, lakini meli za uvuvi wa kibiashara ziliingia usiku, na aliyepaswa kuzizuia ni halmashauri ya pale. Kazi ya wakili wa SALIGAN ni kusafiri mpaka huko, kulala kwa wenyeji, kukaa na watu chini na kuwaonyesha kifungu: hapa ndipo pa kwenda, hii ndiyo fomu, huyu ndiye anayewajibika, na asipotenda mna haki hii.

Mtu aliyefanya kazi hiyo kwa muongo mzima anaijua serikali ya mtaa kutokea upande wa nje wa dirisha. Anajua karani anavyosema njoo kesho. Ndiyo maana siafiki wanaosema uwakili wake ulikuwa wa maandalizi tu, na siasa ndiyo kazi yenyewe.

Wakati yeye akiwa huko vijijini, mumewe alikuwa akiubadilisha mji. Mwaka 1995 Naga ilipitisha sheria ndogo ambayo hadi leo inasomwa na watu wa utawala bora duniani. Ilikichukua kile kifungu cha 1991 nilichokuambia ukishike na kukipeleka mbali zaidi. Asasi, vyama vya wakulima, madereva wa baiskeli za abiria, wazee, wanawake, maskini wa mjini, wote walisajiliwa na kuunda shirikisho moja, Baraza la Watu la Jiji la Naga. Shirikisho hilo huchagua lenyewe wawakilishi wake, meya hawateui. Wawakilishi hukaa kwenye kamati za baraza la madiwani na wana kura katika ngazi ya kamati. Hawapigi kura kwenye kikao kikuu, lakini wewe ni mwanasheria, unajua kwamba muswada ukitoka kwenye kamati umeshapata umbo lake.

Jesse Robredo alipata Tuzo ya Ramon Magsaysay, tuzo kubwa ya heshima barani Asia, mwaka 2000. Aliongoza Naga hadi 1998, akapumzika kwa sababu Katiba inaweka kikomo cha mihula mitatu mfululizo ya miaka mitatu mitatu, akarudi 2001 hadi 2010, kisha akawa waziri wa mambo ya ndani na serikali za mitaa. Tarehe 18 Agosti 2012 ndege ndogo aliyopanda kurudi nyumbani kutoka Cebu ilianguka baharini karibu na Masbate. Alikuwa na miaka 54.

Sasa nakujibu kuhusu jina la mume, na sitakuficha: ndiyo, jina lilimfungulia mlango. Mwaka 2013 aligombea ubunge wa wilaya ya tatu ya Camarines Sur kwa sababu watu wa chama na wa mji walimlilia, na walimlilia kwa sababu ya msiba. Alimshinda mgombea wa ukoo wa Villafuerte, ukoo ulioshika siasa za mkoa ule kwa miongo mingi. Katiba ya Ufilipino inakataza nasaba za kisiasa, lakini ikasema maana yake itafafanuliwa na sheria ya Bunge, na Bunge lililojaa watu wa nasaba halijawahi kupitisha sheria hiyo. Robredo mwenyewe aliunga mkono ipitishwe. Mkosoaji anaweza kusema mke kukaa kiti alichokalia mume ni nasaba hiyohiyo. Mimi naona kuna tofauti: kati ya mumewe kutoka ofisini 2010 na yeye kuingia 2025 kulipita miaka kumi na mitano, na katikati watu wengine, wasio wa familia, waliuongoza mji. Lakini hoja ya mkosoaji ni halali, na uiweke kwenye daftari lako.

Mlango ukishafunguka, kinachobaki ni mtu anachofanya ndani. Bungeni alikuwa mwandishi mkuu wa sheria ya 2015 inayoilazimisha serikali kuweka wazi misamaha ya kodi inayopewa makampuni. Aliwasilisha pia muswada wa kulipeleka Baraza la Watu la mtindo wa Naga nchi nzima, haukupita. Watu wengi wanamkumbuka kwa picha iliyosambaa ya mbunge akisubiri basi la usiku peke yake kituoni, aende Naga. Picha ilikuwa ya kweli, alikuwa akisafiri hivyo. Lakini mimi nikipewa kuchagua kati ya picha ile na muswada ulioanguka, muswada ndio unaonieleza huyu mama ni nani.

Mwaka 2016 alimshinda Ferdinand Marcos mdogo, mwana wa yule aliyeondolewa 1986, kwa tofauti ya kura 263,473 katika kinyang'anyiro cha umakamu. Marcos akapinga matokeo mbele ya majaji wa Mahakama ya Juu wanaokaa kama mahakama ya uchaguzi. Kura za mikoa mitatu iliyochaguliwa kuwa kipimo zikahesabiwa upya kwa mkono, na kura alizomzidi Robredo zikaongezeka badala ya kupungua. Shauri likatupwa kwa kauli moja Februari 2021. Karibu miaka mitano mtu anafanya kazi huku kiti chake kiko mahakamani. Katika hali hiyo, bila wizara, aliunda mpango wa Angat Buhay: ofisi yake inakwenda kwenye vijiji vya mbali, inauliza kinachohitajika, inatafuta kampuni au shirika la kukitoa. Wakati wa Uviko-19 ofisi hiyohiyo iliweka mabasi ya kuwabeba wahudumu wa hospitali na kuanzisha ushauri wa daktari kwa simu. Mwaka 2022 aligombea urais akashindwa vibaya na Marcos yuleyule, zaidi ya kura milioni 15 dhidi ya zaidi ya milioni 31. Siku ya kwanza baada ya kutoka madarakani, Angat Buhay ikaendelea kama shirika lisilo la kiserikali.

Wengi walitaraji agombee useneta 2025, na kwa kura zile za 2022 angeupata. Akachagua Naga: mji wa watu 209,170 kwa sensa ya 2020, wenye barangay 27, ulio bondeni kando ya mto ambao hufurika. Miezi michache kabla, Oktoba 2024, kimbunga kilichoitwa Kristine kilikuwa kimezamisha sehemu kubwa ya Bicol, na mitaa ya Naga ikawa maji matupu. Alishinda kwa kura nyingi mno, akawa mwanamke wa kwanza kuwa meya wa mji ule.

Naona umeshaunganisha mambo. Wakili wa SALIGAN aliwafundisha watu kifungu cha kuibana ofisi ya serikali. Meya wa Naga anakaa ndani ya ofisi hiyo, katika mji ambao sheria ndogo inawaruhusu watu walewale waingie na kupiga kura kwenye kamati. Ni kazi moja, upande wa pili wa meza. Seneti isingempa hilo.

Usiondoke hapa ukidhani umeya wa Kifilipino ni dawa. Mamlaka yaleyale niliyoyaeleza, ya polisi, leseni na ajira, ndiyo aliyokuwa nayo Duterte Davao, na shauri la The Hague linahusu pia mauaji yanayodaiwa kutokea wakati akiwa meya. Familia nyingi zimegeuza miji kuwa mali yao kwa sheria hiihii ya Pimentel, mume akimaliza mihula mitatu anaingia mke, kisha mtoto, kisha mume tena. Sheria ilishusha nguvu chini. Haikuhakikisha nani atazipokea. Hata Naga, uhai wa Baraza la Watu umetegemea sana kama meya aliyepo analipenda. Hilo ndilo linalonitia wasiwasi, na ndilo ambalo Robredo, kama mwanasheria, ana nafasi ya kulirekebisha: kuliandikia Baraza bajeti, utaratibu na haki ya kupata nyaraka kwa namna ambayo meya mbaya akija asiweze kulizima kwa kulinyamazia tu. Muhula wake unaisha 30 Juni 2028, na Katiba inamruhusu kuomba miwili mingine mfululizo.

Kwa upande wako, kabla hujafikiria kugombea, itafute Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Miji) ya mwaka 1982 pamoja na marekebisho yake, usome sehemu ya kamati za halmashauri ukiwa na swali moja mkononi: chama cha wavuvi wa hapo Tanga kikitaka kusema jambo kwenye kamati kabla bajeti haijapitishwa, kinaingilia kifungu gani? Ukishapata jibu, nenda kawaonyeshe wavuvi wenyewe, pale pale mwaloni wanaposhushia samaki.